Fundi wa Kitanda cha Samaki

Jua halijapanda juu ya paa la mabati la zahanati ya Garsen, na Kuno Komora yuko chini ya samaki.

Amelala chali sakafuni, kichwa kikiwa kati ya mihimili miwili ya mti mgumu wa mbambakofi. Juu ya uso wake kuna mbao nene, juu ya mbao kuna mkeka, na juu ya mkeka limekaa tangi la kioo lenye madebe arobaini ya maji. Anapitisha kiganja polepole kwenye kila kiungo. Akifika kwenye kona anagonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, kisha anasogea.

Nje, wanawake wameanza kukusanyika na watoto wao mgongoni. Mmoja anachungulia mlangoni, anaona miguu ya mtu imechomoza chini ya meza, anacheka.

"Fundi, samaki wameamka?"

"Wameamka," anajibu Kuno bila kutoka. "Wanauliza kama uji uko tayari."

Kila Ijumaa huja hapa kabla ya kufungua karakana yake iliyo karibu na kivuko. Hakuna aliyemwagiza. Mganga msaidizi wa zahanati amezoea kumwachia mlango wazi na kuendelea na shughuli zake.

Meza hiyo ndefu, ambayo Garsen nzima inaiita kitanda cha samaki, ni ya pili kutengenezwa na Kuno. Ya kwanza ilianguka mwaka jana, siku ya kliniki, chumba kikiwa kimejaa watu. Ndiyo iliyomwachia kovu linaloanzia kwenye kifundo cha mkono wa kulia hadi katikati ya kiganja, na vidole viwili ambavyo havikunjiki tena.

Kuno ana umri wa miaka arobaini na minane hivi. Alizaliwa upande wa juu wa mto Tana, karibu na Nanighi, katika nyumba ya mchonga mitumbwi. Alianza kushika tezo akiwa bado hajafunga Ramadhani yake ya kwanza. Baba yake alikuwa akichonga mtumbwi, wanaushusha mtoni, na wanauteremsha hadi huku chini kuuza, kisha wanarudi kwa miguu.

"Safari moja sikurudi," anasema. "Nilimwona fundi wa Kihindi hapa Garsen anapiga randa. Ubao ulitoka laini mpaka ukaweza kuuweka shavuni. Nikamwambia baba, mimi nabaki."

Kwa fundi huyo alijifunza kutengeneza milango, viti na hasa vitanda. Mzee huyo alipohamia Malindi, Kuno alirithi karakana pamoja na wateja. Leo si rahisi kuingia nyumba ya Garsen ukakosa kitanda kilichotoka mikononi mwake. Wengi husema vitanda vyake havilii, na wakisema hivyo hucheka kidogo.

Ndiyo maana Bwana Afya alipotafuta mtu wa kulitengenezea tangi lake meza, hakuhitaji kuuliza mara mbili.

Bwana Afya wa eneo hili ni Kassim Shee, mzaliwa wa Kipini, mtu mwembamba mwenye maneno ya haraka. Mwanzoni mwa mwaka jana, 1956, alisikia kwamba hoteli moja mjini Mombasa ilikuwa inafungwa na inataka kuondoa tangi kubwa la kioo lililokuwa sebuleni. Aliliomba akapewa. Likaja kwa lori, limefungwa kwa magunia na kulazwa juu ya magodoro, likasafiri siku nzima kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Sababu ya kulitaka ilikuwa homa. Katika madimbwi ya Tana kuna visamaki vidogo, havizidi urefu wa kidole, ambavyo hula viluwiluwi vya mbu kabla havijaota mbawa. Kassim alitaka viwekwe katika visima na mabwawa yaliyo karibu na makazi ya watu. Wenye visima walikataa.

"Ukimwambia mtu kwamba samaki atampunguzia homa, anakuona mwongo," anasema Kassim. "Mimi mwenyewe ningejiona mwongo. Lakini ukimleta mbele ya kioo ukamwambia, 'Njoo uone,' akaona kwa macho yake, hapo hana la kusema."

Kuno alilizunguka tangi lile tupu muda mrefu. Lilikuwa refu kama mtu mzima aliyelala, na kimo chake kilimfika kiunoni. Alimuuliza Kassim litajazwa kiasi gani. Alipoambiwa litajazwa hadi karibu na ukingo, alikwenda kwenye karakana akachagua mbao nene kuliko za kitanda chochote alichowahi kutengeneza.

Meza ya kwanza ilikuwa na miguu minne, kila mmoja mnene kama paja. Alichonga ndimi na matundu ya kuzipokea kwa patasi, akaviunganisha bila msumari hata mmoja. Ilipokamilika, aliwaita wapagazi wa kivukoni wakapanda wote juu yake, wakaruka. Haikutikisika. Siku iliyofuata tangi likapandishwa, maji yakajazwa, samaki wakatiwa.

Miezi ya kiangazi ilipita salama. Watu walitoka mbali kuja kutazama. Kassim aliwachotea kikombe cha maji ya dimbwi yaliyojaa viluwiluwi, akamimina, na samaki wakavimaliza watu wakiwa bado wanasogeleana ili waone vizuri.

Kisha mvua za masika zikaja.

Sakafu ya zahanati wakati huo ilikuwa ya udongo, ule udongo mweusi wa huku ambao wakati wa jua huwa mgumu kama tofali na wakati wa mvua hugeuka uji. Paa lilikuwa na tundu juu ya kona ya tangi. Maji yalidondoka pale siku kadhaa. Mganga msaidizi aliweka ndoo, na ndoo ilipojaa ikafurika.

Siku ya ajali Kuno hakuwa amefuata samaki. Alikuwa ameitwa kurekebisha dirisha lililovimba kwa unyevu. Kassim alikuwa amekwenda kijiji cha Hewani. Chumba kilijaa akina mama waliokimbia mvua, na miongoni mwao alikuwemo Mumina, mke wa mfugaji wa Kiorma aitwaye Abduba, aliyetembea tangu asubuhi na mtoto mwenye homa kali. Zamu yake ilipofika alimlaza mtoto juu ya kanga, chini ya tangi ambako kulikuwa na ubaridi, akasogea kwa mganga msaidizi kueleza hali yake.

"Nilisikia mti unanong'ona," anasema Kuno. "Si kuvunjika. Mti unaovunjika hupiga kelele. Huu ulinong'ona. Nikageuka nikatazama maji."

Maji ndani ya tangi yalikuwa yamelala upande. Upande wa dirisha yalikuwa yamefika ukingoni, upande wa pili yameshuka kwa upana wa kiganja. Mguu mmoja wa meza ulikuwa unaingia ardhini.

Kuno aliitupa patasi, akaweka bega chini ya ukingo wa tangi, akapiga kelele.

"Tokeni! Tokeni nje nyote! Mtoto! Mtoeni mtoto!"

Wanawake walikimbilia mlangoni. Mumina alikimbilia upande wa pili, kinyume nao, akagongana na wawili, akaanguka, akainuka. Alipofika chini ya meza alimvuta mtoto kwa kanga, bila hata kumbeba, akamburuta sakafuni hadi nje.

"Nilimwona yule fundi," anasimulia Mumina kwa Kiswahili chake cha kuchanganya. "Macho yake imekuwa nyekundu. Miguu yake inaingia ndani ya matope. Yeye haangalii mimi, anaangalia mtoto tu. Mtoto alipotoka, akaachilia."

Hakuachilia, anasema Kuno. Nguvu zilimwisha. Tangi lilimtelezea begani, fremu yake ya chuma ikapiga ukuta, na kioo cha mbele kikapasuka. Maji yote yakamwagika kwa mara moja. Alikuwa amenyoosha mkono wa kulia kujikinga, na kipande cha kioo kikapita humo.

Samaki walitapatapa sakafuni na wanawake wakawakanyaga bila kujua. Mganga msaidizi alifunga mkono wa Kuno kwa kila kitambaa alichokiona. Barabara ilikuwa imefungwa na mvua, kwa hiyo walimteremsha kwa mtumbwi hadi Kipini, na kutoka huko akapelekwa hospitali ya Lamu. Daktari alishona alichoweza kushona.

Aliporudi, Garsen ilikuwa na maneno yake. Wengine walimsifu. Wengine walisema samaki hawakutaka kukaa juu ya meza. Kivukoni aliwasikia wapagazi, walewale walioruka juu ya meza yake, wakiulizana kama ni salama kuendelea kulala kwenye vitanda vyao.

"Hilo liliniuma kuliko mkono," anasema.

Kassim alipata karipio kutoka kwa wakubwa wake. Aliambiwa aachane na tangi. Alikwenda karakana kumwambia Kuno habari hizo, akamkuta amekaa chini, anajaribu kukunja vidole kwa kuvisukuma na mkono wa kushoto.

"Kioo kingine kitapatikana?" Kuno alimuuliza.

"Kioo kinapatikana. Ruhusa ndiyo haipatikani."

"Basi katafute ruhusa. Mimi nitatafuta mbao."

Mkewe, Esha, alikuwa akisikiliza. Esha ni mwanamke mrefu, mpole wa sauti, ambaye hulima mpunga na ndizi kwenye shamba lao la ukingo wa mto. Siku hiyo hakuwa mpole.

"Baba Godhana, mkono huo ndio chakula chetu," alimwambia mbele ya mgeni. "Umebakiwa na vidole vitatu, unataka kuwapa samaki navyo?"

Kulikuwa na jambo jingine. Mbao alizozifikiria Kuno zilikuwa za mbambakofi, zilizokaushwa miaka miwili juu ya dari ya nyumba yao. Alikuwa amemwahidi Esha mlango. Nyumba ya fundi seremala wa Garsen, mpaka mwaka jana, ilikuwa ikifungwa kwa mkeka.

"Nilimwambia, 'Samaki watapata kitanda cha pili, na mimi sijapata mlango wa kwanza,'" anakumbuka Esha. Sasa anaweza kutabasamu.

Walikaa siku kadhaa bila kusemezana sana. Kuno alikwenda zahanati peke yake. Alichimba pale mguu ulipozama, akaingiza mkono wake wa kushoto ndani ya shimo. Ulizama mpaka karibu na kiwiko. Kisha akaikagua meza iliyoanguka, kiungo kwa kiungo. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kimeachana.

"Hapo ndipo nilipoelewa," anasema. "Nilikuwa nimeufikiria mti, nikafikiria maji, nikafikiria kioo. Ardhi sikuifikiria hata kidogo. Nilidhani ardhi ipo tu."

Jioni hiyo aliivunja meza ya kwanza, akazipeleka mbao zake nyumbani kwa mkokoteni. Akamtengenezea Esha mlango kwa mkono mmoja na nusu, kazi iliyomchukua muda mrefu kuliko mlango wowote wa maisha yake. Ulipofunga vizuri, Esha aliufungua na kuufunga mara kadhaa. Kisha akapanda mwenyewe darini, akaanza kushusha mbambakofi.

Mfugaji Abduba alifika siku chache baadaye. Alikuja na kibuyu cha samli na kusimama nje ya karakana akiwa ameegemea mkuki wake. Mtoto alikuwa amepona. Abduba alitaka kusema shukrani, akaona maneno ya Kiswahili hayamtoshi, akaingia akaiweka samli juu ya meza ya kazi.

Kuno wakati huo alikuwa akihangaika. Aliweza kupiga nyundo ya mti kwa mkono wa kushoto, lakini mkono wa kulia haukuweza kuishika patasi ikatulia. Kila akipiga, patasi ilipinda. Abduba alitazama kwa muda. Kisha akaegemeza mkuki ukutani, akachuchumaa, akaishika patasi.

"Wewe piga," alisema. "Mimi nashika."

Kuno alimwambia anaweza kumpiga mkono.

"Ng'ombe imenipiga mara ngapi? Piga."

Kwa majuma kadhaa watu wa Garsen waliona jambo ambalo hawakulizoea: mfugaji wa Kiorma, mwenye ng'ombe wengi, amekaa kwenye maranda ya mbao akiwa mikono ya seremala. Wenzake waliopita kuelekea kivukoni walimcheka. Walimuuliza kama atakula pia samaki wa fundi wake. Waorma hawali samaki, na Abduba mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokataa katakata visamaki vya Bwana Afya kutiwa visimani mwao.

"Niliwaambia, mimi sitengenezi chakula," anasema Abduba. "Mimi natengeneza kitanda."

Ni yeye aliyeuliza tangi likijaa lina uzito gani. Kuno alijaribu kumhesabia kwa madebe. Abduba akafikiri kwa njia yake.

"Hiyo ni ng'ombe mbili kubwa, imesimama juu ya kitanda, usiku na mchana. Haitoki kwenda malishoni."

Meza ya pili haina miguu iliyosimama peke yake. Kuno alikumbuka mitumbwi ya baba yake. Mtumbwi uliojaa mahindi ukivutwa juu ya tope hauzami, ingawa mguu wa anayeuvuta unazama. Basi miguu ya meza, safari hii sita, aliisimamisha juu ya mihimili miwili mirefu iliyolala sakafuni, upana wake kama wa viganja viwili. Kati ya miguu aliweka mbao za mshazari ili isiyumbe kwenda kushoto wala kulia. Kassim naye, ambaye hatimaye alipata ruhusa kwa sharti kwamba likianguka tena asiombe kitu kingine, alileta mawe na saruji, na sakafu ya kona ile ikachimbwa na kushindiliwa.

Juu kabisa, kabla ya tangi, Kuno alitandika mkeka wa ukindu uliokunjwa. Ulisukwa na Esha.

"Kioo hakipendi mbao tupu," anaeleza. "Ukiwa na kijiwe kidogo tu chini yake, au chunusi ya ubao, uzito wote unakwenda pale. Mkeka unapokea kila kitu."

Alipima kwa pimamaji urefu na upana, akapima tena kutoka kona hadi kona. Barabara ilipokauka, kioo kipya kilifika. Siku ya kujaza, watu walijaa nje ya zahanati, lakini hakuna aliyekubali kuingia ndani isipokuwa wabeba madebe, nao walimimina na kutoka mbio.

Kuno aliingia. Akalala chali chini ya meza.

Esha alikuwa mlangoni. "Toka humo," alimwambia. Hakupiga kelele.

"Nikiwa nje sisikii," alijibu Kuno.

"Unataka kusikia nini?"

"Kama inanong'ona."

Madebe yaliendelea kumiminwa. Kassim alisimama kando, ameshika kofia kwa mikono miwili. Maji yalipofika nusu, mbao zilitoa mlio mmoja mfupi, na nje watu wakarudi nyuma kwa pamoja. Kuno hakusogea. Aliweka kiganja kwenye kiungo kilicholia, akangoja. Akasema waendelee.

Ndipo Abduba alipoingia. Alivua viatu, kama mtu anayeingia msikitini, akainama, akaingia chini ya meza na kulala upande wa pili, mabega yao yakigusana. Wanaume hao wawili walibaki wamelala hapo, wakitazama mbao, mpaka debe la mwisho.

Wanachosema wote wawili ni kwamba hakukuwa na sauti nyingine. Walipotoka, Kuno aliyatazama maji kutoka upande. Yalikuwa sawa ukingo hadi ukingo. Akaenda kukaa nje kivulini, na Esha akamletea maji ya kunywa.

Kitanda hicho kimepita sasa msimu mmoja mzima wa mvua. Tundu la paa limezibwa. Visamaki vilivyomo vimezaana mara kadhaa, na Kassim anasema vizazi vyake vimeshatiwa katika visima na mabwawa kuanzia Garsen hadi Hewani. Kuhusu homa hataki kusema mengi. Anasema mwaka mmoja hautoshi kujua, na kwamba mbu wa Tana ni wengi kuliko samaki wake.

Kisima cha Abduba ndicho cha kwanza kabisa kutiwa samaki miongoni mwa visima vya wafugaji. Wazee wa kijiji chake walimuita wakamuuliza anajuaje kwamba viumbe hao ni safi.

"Niliwaambia najua mahali wanalala," anasema. "Nililala chini yao."

Mkono wa Kuno haujarudi kama zamani na hategemei kwamba utarudi. Kazi nyembamba, kama nakshi za vichwa vya vitanda, ameziacha. Vitanda vyenyewe bado anatengeneza, polepole, na wapagazi wa kivukoni wameanza tena kuagiza.

Sasa Kassim anataka tangi la pili, nyumbani kwao Kipini. Kioo kimeshaahidiwa, na nyumba ya kuliweka imeshapatikana karibu na ufuko. Alipomwambia Kuno achague mbao, fundi alimjibu kwamba mbao zina siku yake.

Jumatatu atashuka mtoni kwa mtumbwi. Esha ameshamfungia ndizi za njiani. Alipoulizwa na gazeti hili atabeba vifaa gani, Kuno alitikisa kichwa.

"Sibebi msumeno wala randa," alisema. "Huko kote ni mchanga, na mchanga mimi siujui. Nakwenda kuvua viatu nisimame juu yake kwanza. Nikishaujua, nitaurudia mti."

Akageuka, akarudi chini ya meza kumalizia kona iliyobaki.